Fedha ya Siku za Giza: Namna Kaya za Mwambao wa Ziwa Nyasa Zinavyoweza Kuvuka Siku za Mbalamwezi Bila Mikopo Umiza

Katika Kata ya Chiwanda, Wilaya ya Nyasa mkoani Ruvuma, tarehe ya mwisho wa mwezi haina uzito mkubwa kwa kaya nyingi zinazoishi kwa uvuvi. Fedha huingia kwa kufuata mwezi wa angani. Usiku wa giza mitumbwi na boti huingia ziwani na taa, usipa hufuata mwanga, na asubuhi fedha hupatikana mwaloni. Mbalamwezi inapokomaa taa hupoteza nguvu yake ya kuvuta samaki, nyavu huanikwa, na kwa siku kadhaa mapato hupungua au hukoma kabisa, ilhali chakula cha watoto kinahitajika kila siku.

Ushauri mwingi kuhusu matumizi ya fedha unaosambazwa kwa simu na kusomwa redioni umeandaliwa kwa ajili ya mtu anayepokea mshahara. Humwelekeza msomaji kutenga sehemu ya mshahara kila mwezi, kulipa madeni tarehe moja na kuweka bajeti ya siku thelathini. Ni ushauri mzuri kwa mtumishi wa ofisini Songea. Kwa mvuvi, mwanika dagaa au mkulima wa muhogo wa mwambao, ushauri huo haushiki, na wengi hujaribu mara moja, hushindwa, kisha huamini kwamba wao hawana nidhamu ya fedha. Mara nyingi nidhamu ipo. Kalenda ndiyo isiyowafaa.

Tofauti hiyo inaonekana hata ndani ya eneo lililokuwa wilaya moja. Wilaya ya Nyasa ilianzishwa mwaka 2012 baada ya kugawanywa kutoka Wilaya ya Mbinga. Juu milimani, mkulima wa kahawa wa Umatengo hupokea sehemu kubwa ya fedha yake mara moja kwa mwaka kupitia chama chake cha msingi, na mtihani wake ni kuitunza kwa miezi mingi. Chini ziwani fedha huja mara nyingi kwa vipande vidogo, na mtihani ni kuivusha siku kumi au kumi na mbili tu, lakini kila mwezi, bila kukoma. Barabara ya lami ya kilomita 66 kati ya Mbinga na Mbamba Bay, iliyozinduliwa rasmi Septemba 2024, imewasogeza walanguzi wa dagaa karibu na mwalo. Imesogeza pia bidhaa za madukani, na hivyo fedha inayofika haraka hupata pia njia ya haraka ya kuondoka.

Hesabu ya mwandamo mmoja

Mwandamo mmoja wa mwezi huchukua takribani siku 29 na nusu. Tuchukue mfano wa kukadiria tu: baharia mmoja wa mtumbwi anapata shilingi 180,000 katika siku 18 za uvuvi, sawa na shilingi 10,000 kwa siku. Kaya yake ikitumia shilingi 10,000 kila siku, hesabu inaonekana kuwa sawa, kwa kuwa kinachoingia ndicho kinachotoka. Siku ya 19 fedha imekwisha, na siku 12 zimebaki.

Kaya hiyohiyo ikigawanya shilingi 180,000 kwa siku 30 itaona kuwa kipato chake halisi ni shilingi 6,000 kwa siku. Shilingi 4,000 zinazobaki kila siku ya uvuvi si ziada, bali ni chakula cha siku za mbalamwezi kilichofika mapema. Ikizitenga kwa siku 18 inapata shilingi 72,000, ambazo ni shilingi 6,000 kwa kila moja ya siku 12 zilizosalia. Viwango hubadilika, na ziwa halitoi kiasi kilekile kila usiku. Hata hivyo hesabu yenyewe haibadiliki: kipato cha siku nzuri lazima kigawanywe kwa siku zote za mwandamo kabla ya kuanza kutumiwa.

Jambo gumu ni mahali pa kuitengea. Fedha iliyokwisha kufika nyumbani huwa na wenyewe wengi, na aliyeketi nayo kijiweni huipunguza kabla haijafika. Kwa sababu hiyo utengaji unafaa kufanyika mwaloni, mara baada ya mgawo. Mwanachama wa kikundi hupeleka fungu lake kwa mtunza hazina, na mwenye akaunti ya simu huliweka kwa wakala aliye karibu. Wapo wanaoona ni usumbufu kumtembelea wakala kila siku kwa shilingi 4,000. Hao wanaweza kuweka kila baada ya siku tatu, ilimradi fungu likae kwa mtu mwingine wa kaya na si katika mfuko wa aliyelipata.

Kwa mmiliki wa chombo lipo fungu jingine lisilopaswa kuguswa: mafuta, betri za taa na nyuzi za kushonea nyavu. Mmiliki anayekula fedha ya mafuta katika mbalamwezi huanza giza linalofuata kwa kukopa kwa mnunuzi wa dagaa, na deni hilo hulipwa kwa samaki kwa bei anayoipanga mnunuzi. Hapo hasara haionekani kama riba. Inaonekana kama bei mbaya, na ndiyo maana hudumu miaka.

Akiba isiyo noti

Si lazima akiba yote iwe fedha. Wazee wa mwambao wanajua kuwa muhogo uliokomaa unaweza kukaa ardhini miezi kadhaa ukisubiri kuchimbwa, na kwa maana hiyo shamba la muhogo ni ghala lisilohitaji kufuli. Kaya yenye robo ekari ya muhogo iliyoachwa mahsusi kwa siku za mbalamwezi hupunguza mahitaji yake ya fedha taslimu pale hasa yanapouma. Usipa waliokauka vizuri, waliohifadhiwa mahali pakavu penye hewa, hufanya kazi hiyohiyo. Wakikaushwa nusunusu hupata ukungu na wadudu, na akiba hugeuka hasara. Kuanika juu ya chanja badala ya mchangani huwafanya wakauke haraka na kubaki safi, na huwapa bei bora sokoni.

Juu ya kalenda ya mwezi ipo kalenda ya mwaka. Upepo mkali wa kusini, unaovuma hasa kati ya Mei na Agosti, huzuia vyombo vidogo kuingia ziwani kwa siku kadhaa mfululizo hata kama ni giza. Mvua za msimu, zinazoanza kwa kawaida Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, huharibu uanikaji. Zaidi ya hapo ipo Januari. Elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne hutolewa bila ada tangu mwaka 2016, lakini sare, viatu, madaftari na mahitaji ya bweni hubaki kwa mzazi, na huja mwezi uleule ambao shamba linataka mbegu na palizi. Kaya inayoweka alama hizi tatu katika kalenda ya ukutani, yaani upepo, mvua na shule, hujua mapema ni giza lipi linapaswa kubeba zaidi ya mbalamwezi yake.

Kikundi na sanduku lake

Vikundi vya kuweka na kukopa, vinavyofahamika na wengi kama VICOBA, vimeenea nchini. Asili ya mfumo wa kuweka hisa kila wiki, kukopeshana na kugawana mwisho wa mzunguko ni mpango ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991 miongoni mwa wanawake wa vijijini. Sanduku lenye kufuli tatu, funguo zake zikiwa kwa wanachama watatu tofauti, ni sehemu ya mfumo huo, na umuhimu wake haujapungua hata baada ya ujio wa simu. Nchini Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua vikundi hivyo kuwa watoa huduma wa daraja la nne, na husajiliwa kupitia halmashauri. Usajili si karatasi ya kutundika ukutani tu. Kikundi kilichosajiliwa kina katiba inayotambulika, na mgogoro ukitokea lipo pa kuanzia.

Kasoro ya vikundi vingi vya mwambao imo katika tarehe. Vinapanga mzunguko kwa kufuata mazoea ya mijini: hisa kila wiki kwa kiwango kimoja, na mgawo Desemba. Matokeo yake mwanachama hutozwa faini ya kuchelewesha hisa katika wiki ya mbalamwezi, wakati ambapo hana namna, na mgawo wa mwaka humwagika katika sikukuu wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa. Katiba ya kikundi huandikwa na wanachama wenyewe, na hakuna kinachowazuia kuamua kuwa hisa zinunuliwe katika wiki za giza pekee, na mgawo ufanyike mara mbili, sehemu Novemba kwa ajili ya mbegu na sehemu wiki ya kwanza ya Januari. Afisa maendeleo ya jamii wa kata anaweza kusaidia kuandika vifungu hivyo.

Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vina pia fursa ya mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 ni za wanawake, asilimia 4 za vijana na asilimia 2 za watu wenye ulemavu. Utoaji wa mikopo hiyo ulisitishwa mwaka 2023 ili kuboresha utaratibu, ukarejeshwa mwaka 2024. Kikundi cha waanika dagaa kinachoomba mkopo huo kinashauriwa kueleza katika andiko la mradi ni miezi gani mapato yake hushuka, ili ratiba ya marejesho ijadiliwe mapema kuliko kuombewa huruma baadaye.

Deni la siku kumi na mbili

Turudi kwa kaya ya mfano, iliyofika siku ya 19 bila kitu. Inakopa shilingi 60,000 kwa mkopeshaji wa mtaani kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Giza linalofuata inarejesha shilingi 78,000, na kwa kuwa fedha hiyo imetoka katika fungu la chakula, mbalamwezi inayofuata inakopa tena. Kwa mwaka mzima kaya hiyo inalipa riba ya shilingi 216,000, kiasi kinachozidi mapato yake yote ya giza moja. Ina maana kwamba mara moja kila mwaka baharia huyo huingia ziwani usiku 18, na zaidi, kwa ajili ya mkopeshaji.

Hii ndiyo mikopo ambayo wananchi wameipa jina la kausha damu. Chini ya sheria ya mwaka 2018, mtu binafsi au kampuni inayokopesha bila kupokea amana yumo katika daraja la pili, na hapaswi kufanya kazi hiyo bila leseni ya Benki Kuu ya Tanzania. Kiwango cha juu cha riba kwa wakopeshaji wa daraja hilo kilichowekwa na Benki Kuu ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa kiwango hicho mkopo wa shilingi 60,000 hugharimu riba ya shilingi 2,100 kwa mwezi. Mwananchi anayekumbuka namba hiyo moja ana kipimo cha kila mkopo atakaowekewa mbele yake.

Maswali ya kumuuliza mkopeshaji hayazidi matatu. Leseni iko wapi? Mkataba wa maandishi uko wapi, na nakala ya mkopaji ni ipi? Na je, jumla ya fedha yote itakayorejeshwa, pamoja na kile kinachoitwa ada, fomu, bima au gharama za ufuatiliaji, ni shilingi ngapi? Swali la tatu ndilo lenye nguvu, kwa sababu wapo wanaotaja riba ndogo na kuficha mzigo katika ada. Mkopeshaji anayetaka kubaki na kitambulisho cha Taifa au kadi ya benki ya mkopaji ametoa jibu la maswali yote matatu kabla ya kuulizwa.

Mikopo ya kupakua katika simu janja inahitaji tahadhari zaidi, kwa kuwa hutolewa usiku, mtu akiwa peke yake na shida yake. Novemba 2024 Benki Kuu iliutangazia umma majina ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikitoa mikopo kidijitali bila leseni. Miongoni mwa malalamiko makubwa dhidi ya wakopeshaji wa aina hiyo ni kuchukua orodha ya namba zilizomo katika simu ya mkopaji na kuwatumia ndugu, wakwe na waajiri ujumbe wa kumdhalilisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inalinda taarifa za namna hiyo, na mlalamikaji anaweza kufika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kinga ya awali, hata hivyo, iko mikononi mwa mwenye simu: programu ya mkopo inayoomba ruhusa ya kusoma majina yote ya kwenye simu isipewe.

Fedha iliyo katika simu

Akiba iliyohifadhiwa katika simu imeepuka moto, maji na panya, lakini imeingia katika eneo la matapeli. Mbinu zao hubadilika sura, na shabaha ni ileile: kumharakisha mtu. Ujumbe husema fedha itumwe kwa namba hii, au mtoto amezidiwa shuleni, au kiasi fulani kimeingia kimakosa na kirejeshwe upesi. Mtu aliyetoka ziwani alfajiri, akiwa na usingizi na fedha mpya katika simu, ni mawindo mepesi. Utaratibu mmoja unatosha kuzuia sehemu kubwa ya wizi huu, nao ni kupiga simu kwa namba ya ndugu iliyokwisha kuhifadhiwa kabla ya kutuma chochote, na kuangalia salio lenyewe badala ya kuamini ujumbe unaodai kuwa fedha imeingia.

Huduma kwa wateja ya kampuni zote za simu hutumia namba 100 pekee. Anayepiga kwa namba nyingine yoyote na kujitambulisha kuwa mtoa huduma, akataka namba ya siri au akaelekeza kubonyeza tarakimu fulani, akatiwe simu. Ujumbe wa kitapeli hutumwa kwenda namba 15040 bila malipo, pamoja na namba ya aliyeutuma, ili izuiwe. Aidha, mwananchi anaweza kupiga *106# na kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Laini asiyoitambua inapaswa kuripotiwa kwa kampuni husika ifungwe, kwa sababu uhalifu utakaofanywa kwa laini hiyo utaanza kuchunguzwa kwa jina lake.

Daftari la nyumbani

Limebaki jambo ambalo familia nyingi huliahirisha kwa kuona kuwa ni kujitakia mabaya. Ziwa Nyasa lina kina kinachozidi mita 700 katika sehemu zake za chini kabisa, hubadilika hali ghafla, na si kila aliyekwenda usiku hurudi. Chombo kikizama, familia hubaki na msiba na fumbo: marehemu alikuwa na hisa katika kikundi gani, alimdai nani, alidaiwa na nani, na laini yake ya simu ina akiba au haina. Wadai hufika haraka. Wadaiwa, kama ilivyo kawaida ya binadamu, hukaa kimya.

Daftari la kurasa chache linatosha kuondoa fumbo hilo. Huandikwa ndani yake jina la kikundi na idadi ya hisa, madeni ya kulipa na ya kulipwa pamoja na tarehe, mgawo ambao haujatolewa, na namba za simu zenye akiba. Namba ya siri haiandikwi. Daftari hukaa nyumbani, mahali panapojulikana na mwenza au mtoto mkubwa, na haliingii ndani ya mtumbwi. Katika kikundi, kila mwanachama ahakikishe jina la mrithi wake limeandikwa katika kitabu cha hisa na kwamba mrithi mwenyewe anajua. Fedha iliyo katika akaunti ya simu au benki ya marehemu hutolewa kwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa mirathi nyingi za kawaida hatua hiyo huanzia Mahakama ya Mwanzo, kwa muhtasari wa kikao cha ukoo na uthibitisho wa kifo. Familia yenye daftari hufika mahakamani ikijua inaomba nini.

Maelezo kuhusu usajili wa vikundi na mikopo ya asilimia 10 hupatikana kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata na katika ofisi za Halmashauri ya Wilaya ya Nyasa zilizoko Mbamba Bay. Orodha ya wakopeshaji wa daraja la pili wenye leseni hutolewa na Benki Kuu katika tovuti yake. Asiye na intaneti anaweza kumwomba mtendaji wa kijiji au wa kata amsaidie kuikagua kabla ya kutia saini.